Nang'olewa gego la mwisho wiki ijayo, kazi ya mwaloni nirudi lini?

kuli_wa_dagaa
Wakuu habari za mchana. Nipo Igoma, kazi yangu ni kubeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni hapa Mwanza. Gego la mwisho la chini kulia limenitesa muda mrefu, fizi inavimba inapoa inarudi tena, juzi nimepigwa picha daktari akasema limelala ubavu linasukuma jino la mbele yake na haliwezi kuota vizuri, kwahiyo atapasua fizi kidogo alikate vipande alitoe. Ganzi siiogopi, naogopa siku za baada ya hapo maana nisipobeba hakuna hela. Waliopitia hii kitu nisaidieni, mnarudi kazini baada ya muda gani na mnakula nini?

Mama Neema Nyakato
Pole mwanangu. Binti yangu alitolewa la hivyohivyo. Usishtuke shavu likivimba, siku ya pili na ya tatu ndo linakuwa kubwa kabisa halafu linaanza kushuka, na mdomo unakuwa mgumu kufunguka. Siku ya kwanza jikandie barafu kwa nje, weka kwenye kitambaa, dakika kumi na tano unatoa unapumzisha unarudia. Chakula nilikuwa nampa uji uliopoa, mtori, parachichi la kuponda, baadae supu ya sato ila nyama yake nachambua kwa mkono mwenyewe mwiba hata mmoja usibaki. Dagaa wa kukaanga sahau kwanza, vile vichwa vinaingia kwenye shimo. Na wali pia usubiri.

dada_wa_kliniki
Nafanya kazi kliniki ya meno hapahapa Mwanza naomba niongezee. Kaka, kitu cha kulinda kuliko vyote ni lile bonge la damu linaloganda kwenye shimo, ndo linafunika mfupa na mishipa ya fahamu hadi nyama mpya iote. Likitoka mapema mfupa unabaki wazi, hapo maumivu yanaanza upya siku ya tatu hivi, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka na Panadol haifui dafu. Kwahiyo ng'ata ile pamba utakayowekwa kwenye shimo kwa nguvu nusu saa mpaka saa nzima bila kuitoatoa kuchungulia, masaa 24 ya kwanza usisukutue, usiteme teme mate, usinywe kitu kwa mrija, na sigara acha kabisa hata kama ni pafu moja. Kesho yake ndo uanze maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, unayazungusha taratibu unayaachia yadondoke. Usiweke karafuu wala ugoro wala dawa ya mtu yeyote kwenye shimo jamani, tunawasafisha wengi kwa sababu hiyo. Ukipewa Flagyl pombe usiguse. Kazi ya magunia omba ruhusa kama wiki, ukiinua mzigo presha ya damu inapanda na kidonda kinaanza kuvuja. Kabla hajaanza muulize daktari mzizi uko karibu kiasi gani na mshipa wa fahamu wa taya, kwasababu wengine mdomo wa chini unabaki na ganzi muda, ni vizuri ujue mapema.

kuli_wa_dagaa
Wabeja sana dada, na mama asante. Swali moja, nilipanga kwenda Nansio, kule kisiwani Ukerewe, kwa wazazi kesho yake nikapumzike huko, meli inafaa?

dada_wa_kliniki
Subiri shavu lianze kushuka kwanza kaka, uwe karibu na aliyekutoa. Damu ikigoma kukata hata baada ya kung'ata pamba safi, homa ikipanda, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, hayo si ya kusubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Mama Neema Nyakato
Na lala na mito miwili, kichwa kiwe juu.