Tukienda pwani Jumapili, mtoto wa kike naye aingie majini?

Mtoa mada (Unguja Mjini)

Assalamu alaikum. Jumapili iliyopita tulipanda daladala watu sita, na mkeka, chupa ya chai na mihogo ya kukaanga, tukashukia Nungwi. Nia ilikuwa kuwabandua watoto kwenye simu. Wiki nzima ni skuli asubuhi, chuoni kusoma Kurani jioni, na katikati ni skrini tu.

Wa kiume hakungoja mkeka utandikwe, keshavua shati yumo majini. Dada yake, miaka tisa, alikaa kando ya chupa ya chai, viatu miguuni, anatulindia vitu. Hakuna aliyemkataza. Alijua tu kwamba hapo ndipo pake.

Nikamwita. Akaingia na suruali yake, fulana ndefu, mtandio umefungwa nyuma. Nikamwambia alale chali. Akakakamaa kama ubao, shingo juu, kucha zimenizamia mkononi. Nikamtilia kiganja mgongoni: “Masikio nayo yaingie.” Yalipoingia tu, akalegea. Nikashusha kiganja kidogo kidogo, akabaki anaelea mwenyewe, hana habari. Alipogundua, alipiga ukelele hadi wenye ngarawa wakageuka.

Picha ikafika kwenye grupu la ukoo, moto ukawaka. Eti namfundisha mtoto uhuni.

Mimi nasema aingie. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012 ikaja ya Skagit, karibu na Chumbe. Sidai kuogelea kungewaokoa wote, meli za namna ile zina makosa yake mengine. Lakini mtu azaliwe kisiwani, avuke bahari kila sikukuu kwenda kwa bibi yake, na maji ya kifua yamshinde? Nyinyi mwaonaje?

Mchangiaji wa Wete

Waalaikum salaam. Ndugu yangu, kuogelea sikupingi, napinga pahala. Nguo ikishalowa inaganda mwilini, na pwani hiyo Jumapili imejaa wageni na mavazi yao, na bia zao. Mtoto anajifunza kwa macho kuliko kwa kiganja chako. Na kwani nje ni baharini tu? Wangu nawapeleka msitu wa Ngezi, wanatazama popo wa Pemba wananing'inia juu mitini kama mabuyu. Wa kike na wa kiume wanashindana kuhesabu, hakuna anayebaki kulinda mkeka.

Mchangiaji wa Jambiani

Mimi ni mama wa mwani. Mnanichekesha na hiyo stara. Mama zetu wameingia baharini miaka yote, kuokota chaza, kuvua dagaa kwa mtandio, nguo zimelowa hadi kifuani, na hakuna sheikh aliyesimama ufukweni kutukataza. Tukiingia kufanya kazi ni halali, tukiingia kucheka na watoto wetu ndiyo uhuni? Tena siku hizi maji ya kina kifupi yanachemka, ule mwani wenye bei, cottonii, unakufa, tunaambiwa tuupande kwenye kina. Wangapi kati yetu wanajua kuogelea? Mie sijui. Nina miaka arubaini na tano na kila siku nimo baharini.

Mchangiaji wa Nungwi

Hapa kwetu Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea, walimu wanawake, nguo za kufunika mwili mzima. Kwa hiyo suala la stara lina dawa, likitakiwa.

Ila mtoa mada, hujasema maji yalikuwaje. Huku kwetu hayapwi mbali. Ukiwapeleka Paje au Jambiani siku za bamvua, maji yakipwa mbali sana, watoto watayafuata maji hadi karibu na mwamba, yakianza kujaa yanapita kwenye mikondo na kuwazunguka kwa nyuma. Muulize mvuvi saa za maji kabla ya kufunga mihogo yako.

Mchangiaji wa Wete

Dada wa mwani kanigusa, sibishi. Na akina Panje ni sawa, walimu wanawake. Lakini mtoa mada anamfundisha mwenyewe, mbele za watu. Miaka tisa leo. Akibaleghe je?

Mtoa mada

Maji yalikuwa yanajaa taratibu, tulibaki ya kiunoni. Hilo la kuuliza wavuvi sikulifikiria, kusema kweli, ilitokea bahati.

Kubaleghe, hapo umenishika. Jumapili hii tunakwenda alfajiri, wageni hawajaamka, na mama yake kasema ataingia naye. Tatizo mama yake mwenyewe hajui kuogelea, itabidi binti amfundishe. Wenye mabinti wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, semeni: mliendelea nao majini, au mliwarudisha mkekani?