Mnara wa Vita vya Kagera kijijini: mgambo hana pa kuandikwa?

Mjukuu wa Bibi
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Kijijini kwetu kuna mnara wa saruji, kimo cha mtu mzima, wa vijana wetu waliokwenda Vita vya Kagera. Majina yalipakwa kwa rangi nyeusi, mvua imeyala. La mwisho limebaki herufi tatu. Tumechanga tuukarabati, kamati ikaleta orodha: wote askari wa JWTZ. Baba yangu mdogo hayumo. Alikuwa mgambo, akaondoka mwishoni mwa 1978, Amin alipokwisha kuvamia na kutangaza kwamba nchi yote hadi mto Kagera ni yake. Hakurudi. Bibi alitunza shati lake la kazi kwenye sanduku la bati. Kila kiangazi alilianika, akalikung'uta, akalikunja, akalirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Mjumbe mmoja ananiambia mgambo hana namba ya jeshi, kwa hiyo hana pa kuandikwa. Imeniuma mno. Nikasemeje kikaoni?

Mstaafu
Marahaba mwanangu, pole. Mimi nilikuwepo. Jeshi letu lilikuwa dogo, likajazwa na mgambo kwa maelfu, pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT. Tulilala handaki moja. Saba Saba zetu, ile mizinga ya roketi, zilipoanza kunguruma usiku, hakuna aliyeuliza nani ana namba. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, mgambo walikuwemo. Waambie waondoe vyeo, wapange majina kwa alfabeti. Na mgambo wasitengewe kipande chao kule chini, hilo likatae kabisa.

Fundi Mawe
Msirudie rangi. Maji yakipenya nyuma yake inabambuka, mtachanga tena. Chongeni kwenye bamba la graniti. Marumaru ni laini, mvua huyala polepole. Orodha ibandikwe kwanza mahali pa wazi, ndugu wasahihishe tahajia, kwa sababu jiwe halina kifutio. Acheni nafasi, majina hujitokeza baadaye. Halafu dada, kabla hawajapiga plasta mpya, nenda na tochi jioni, uimulike saruji kwa ubavuni. Rangi ikitoka, mahali ilipokuwa huwa pamebaki laini kuliko pembeni. Unaweza ukasoma.

Jirani wa Mpakani
Na waliorudi na majeraha wakafia nyumbani? Kwetu tuliwasahau hao, mpaka leo familia zao hazisogei pale Siku ya Mashujaa.

Mstaafu
Waandikwe. Kichwa chao kiwe "Waliorudi".

Mjukuu wa Bibi
Fundi, asante sana. Nimekwenda jana na binamu yangu, yeye ameshika tochi, mimi nimepiga magoti. Lile jina la mwisho, la herufi tatu: nilianza na zile zinazoonekana, nikafuata kwa kidole pale palipo laini, moja moja. Ni la baba mdogo. Jina la kwanza, la babu, la ukoo, yote. Aliyejenga mnara alimwandika pamoja na wenzake, mstari uleule, herufi za ukubwa uleule. Orodha mpya ndiyo iliyomwacha. Nimepiga picha sita. Mzee wangu, jibu lako nimelichapa kwa herufi kubwa ili mwenyekiti asome bila miwani. Kikao ni Jumamosi, na shati nakwenda nalo.