Ramani ya kihamba iwe mali ya nani: AMCOS au kampuni inayonunua?

Mwanzisha mada, Kibosho
Wakuu, msimamo wangu ni kwamba ramani za vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani huku Kilimanjaro, zikae kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, si kwa mnunuzi.

Kwa asiyefuatilia: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, ila maandalizi yanaendelea. Shamba linalozidi hekta 4 linachorewa mipaka yote. Dogo zaidi linatosha nukta moja ya GPS. Huku mlimani karibu sote ni watu wa nukta moja.

Mwenye shamba kubwa ana bwana shamba wake, ana hati, na anaweza kumuuzia mchoma kahawa wa Ujerumani moja kwa moja. Kahawa ya mwenye nusu ekari inachanganywa na ya jirani, inakobolewa, inaingia mnadani Moshi, na jina lake limeshapotea.

Nimeona upimaji kijijini kwetu. Kijana wa kampuni alisimama katikati ya migomba, simu ikagoma kushika setilaiti. Akasogea hadi kwenye masale, mimea ya mpakani, ikasoma. Mama mwenye kihamba akaweka dole gumba kwenye fomu, nakala hakuachiwa. Msimu ujao akija mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi, mama atathibitishaje kahawa yake inatoka wapi? Itabidi apimwe upya, au arudi kwa yule yule mwenye nukta yake. Huko ni kumfunga mkulima bila kamba.

Mchangiaji, Arusha
Mkuu, nafanya kazi kwa msafirishaji wa kahawa nje, nitetee upande wetu. Kupima vihamba ni mafuta ya pikipiki, posho za vijana, programu, na mtu wa kukagua takwimu. Gharama tunabeba sisi. Nikishapima, mshindani wangu apewe bure? Na si wote ni matajiri. Kuna wasafirishaji wenye wafanyakazi wanne, watano, wanakopa benki ili walipe malipo ya awali. Mkiwanyang'anya ramani watabaki wakubwa peke yao. Halafu AMCOS ngapi zina kompyuta inayowaka?

Mchangiaji, Marangu
Wanangu, mimi naogopa jingine. Kihamba kina kahawa, ndizi na miti ya kivuli. Ukikitazama kutoka juu ni msitu. Nikiangusha mringaringa uliozeeka, nitaambiwa nimefyeka?

Mwanzisha mada, Kibosho
Shikamoo mzee. Sheria yenyewe haihesabu kahawa iliyopandwa chini ya miti kuwa msitu. Lakini anayekagua picha akiwa Ulaya hajawahi kuona kihamba, kwa hiyo maelezo yatoke kwa chama kinachokijua. Hata nukta ile ya kwenye masale, nani ataisahihisha kama si katibu anayejua mpaka wa kila mtu?

Kaka wa Arusha, hoja ya gharama ina uzito. Basi kampuni ipime, nakala ibaki AMCOS siku hiyo hiyo. Mnunuzi mwingine akiihitaji ailipie chama, na chama kimrudishie aliyepima sehemu ya gharama zake. Hapo msafirishaji mdogo anapona pia, maana hatalazimika kupima kijiji kizima kwa ajili ya magunia machache.

Ila hili la kompyuta sikubali. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ikaja 1933, kumbukumbu zikiwa kwenye madaftari. Nukta moja kwa kila mkulima ni mstari mmoja wa daftari.

Walio kwenye AMCOS zilizokwisha kusaini na kampuni: kipengele cha umiliki wa takwimu kimeandikwaje? Kiwekeni hapa neno kwa neno, nataka kwenda nacho kwenye mkutano mkuu wetu.