Usambara kwa baiskeli: Mtae, Vuga au Amani? Nina siku tatu tu

mkanyagaji_tabata
Wakuu, habari za wikiendi. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya graveli, hizi zenye usukani uliojikunja kama za mashindano ila tairi zake nene. Mpaka sasa mimi ni wa Pugu, Kisarawe na Bagamoyo. Mchanga nimeuzoea, milima siijui. Mwishoni mwa Agosti nina siku tatu za likizo na nimeshaapa ni Usambara. Nimechimba ramani nimebaki na njia tatu, na kila nikiamka nina jibu jipya.

Kuna ile ya kila mtu: Mombo, Soni, Lushoto, kisha Magamba, Lukozi mpaka Mtae. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, lakini unatoka chini ya mita 500 unafika karibu mita 1,400. Kutoka hapo Mtae ni kama kilomita 60 nyingine, na vumbi ndiyo nyingi. Njia nyingine ni kukatia Soni kwenda Vuga na Bumbuli, na miguu ikikubali nifike msitu wa Mazumbai. Ya mwisho ni huko mashariki: Muheza, Zigi, Amani, kisha mashamba ya chai ya Kwamkoro.

Tairi zangu ni milimita 40, breki za diski za waya. Nataka njia ngumu, ila ngumu ya kupanda, si ya kubeba baiskeli begani. Ipi?

mwana_wa_lukozi
Onga mshi mkuu. Mimi ni wa hukohuko kwa hiyo usinitegemee kuwa mwamuzi wa haki, lakini kama hujafika Mtae hujafika Usambara. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima kama kuku juu ya kamba. Kulia shimo, kushoto shimo. Chini unaiona Mkomazi yote imelala, na asubuhi kukiwa kweupe Kilimanjaro inajitokeza kule mbali. Picha hazisaidii, wengi wamejaribu.

Ugumu wake watu hawauelezi vizuri. Hakuna mlima mmoja wa kusema huu ndio wenyewe. Unapanda, unashuka bondeni kwenye kabichi na karoti, unapanda tena, na kila ukishuka unajua hizo mita utazilipa. Ukitoka Lushoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi utafika, ila usipange kufika saa sita.

Tatizo ni Fuso za mboga. Siku ya gulio ndiyo usiombe. Ukisikia honi kwenye kona toka kabisa barabarani, usibane pembeni, maana pembeni ndipo na yeye anapobana.

dada_spoki
Naona wote mnaongelea kupanda. Kupanda ni pumzi na muda, ukichoka unashuka unakokota, hakuna aliyekufa kwa kukokota baiskeli. Mtihani wa Usambara ni kuteremka.

Mara ya kwanza nilishuka Lushoto kwenda Mombo na baiskeli ya breki za mpira, zile za kubana rimu. Manyunyu yalikuwa yamepita. Baada ya Soni barabara inajipinda juu ya korongo, nami nimeshikilia breki mfululizo kwa woga. Nikaanza kusikia harufu kama ya soli ya raba imeangukia jikoni. Nikajiambia ni lori la mbele. Mbele hakukuwa na lori. Niliposimama na kugusa rimu niliacha ngozi ya kidole pale, na mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umebaki kama kipande cha ndizi mbivu. Nilikaa kwenye jiwe karibu nusu saa, mama mmoja aliyebeba kuni akanipa pole mara tatu bila kuuliza kimetokea nini.

Kwa hiyo @mkanyagaji_tabata, swali langu ni breki kabla ya njia. Diski za waya zinatosha, ila waya uwe mpya na pedi uwe nazo za akiba. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa zipoe. Ukishikilia kidogokidogo kilomita nzima unazipika. Na zikishachemka usimwagie maji, diski itajikunja.

tanga_kwetu
Nitetee mashariki, maana naona Lushoto mmeigeuza ndiyo Usambara nzima. Kati yenu na sisi kuna bonde zima la Lwengera.

Amani ni fupi, kama kilomita 35 kutoka Muheza, na haipandi juu kama kwenu, inaishia kwenye mita 900 hivi. Lakini Zigi kwenda juu ni msitu mtupu, kivuli mwanzo mwisho, kona baada ya kona, na mbega wanakuangalia kama mtu uliyechelewa kazini. Historia nayo ipo chini ya tairi. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea pale Amani mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia bado imesimama bustanini. Walijenga hadi reli nyembamba kutoka Tengeni kufika Zigi. Hata lile ua la urujuani linalouzwa kwenye vyungu huko Ulaya lina asili ya milima hii, lina jina la Mjerumani mmoja, Saint Paul, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Wenyeji walikuwa wakilipita tu njiani.

Ubaya wake ni udongo. Bahari iko karibu, mvua hainaga adabu ya msimu, hata Agosti inaweza kunyesha. Ule mwekundu ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Mimi hutembea na kijiti cha mbao kiunoni kwa kazi hiyo tu. Ukifika kwenye chai mambo yanakuwa mepesi. Kiingilio cha hifadhi unalipa getini Zigi, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, uliza kabisa malipo yanakwendaje usije ukarudishwa.

simbamwene_jr
Mtu ametaja Vuga na hakuna aliyejibu. Nyie watu.

Vuga ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa. Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, aliingia milima hii akiua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, nyama akagawa, akaishia kupewa ufalme. Kwa maoni yangu ndiyo kampeni safi kuliko zote zilizowahi kufanyika nchi hii. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka hapo mpaka kifo chake mwaka 1862. Mmisionari Krapf alipanda kwa miguu mwaka 1848 kwenda kumwona, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke wakafuata 1857. Sasa wewe una gia, unalalamika nini?

Ila nisikudanganye: usitegemee kukuta ikulu. Utakuta migomba, kahawa, nyumba za bati na wazee ambao ukiwaamkia vizuri watakusimulia mpaka jua lizame. Wenye umri watakumbuka maandishi ya Vuga Press kwenye vitabu vya zamani, basi ni hukohuko.

Barabara ya Soni kwenda Bumbuli ni ya kupanda na kushuka kwa vipande vifupi vikali. Magari ni machache kuliko njia ya Lukozi. Kwa tairi za 40 ndiyo inayokufaa kuliko zote tatu.

mwana_wa_lukozi
@simbamwene_jr sawa, lakini ukisema historia usiishie kwa wafalme. Mlalo hapo, pembeni ya njia ya Mtae, Waingereza walianza mwaka 1946 kulazimisha watu kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko. Kazi ya jembe, kila wiki, kwenye shamba lako mwenyewe. Watu walikataa mpaka serikali ikaachana nayo 1957. Bibi yangu hadi anazeeka ukimtajia tuta anasonya.

mkanyagaji_tabata
Mmenichanganya zaidi, ila vizuri. @dada_spoki umenitisha, leo nimepeleka baiskeli kwa fundi kubadili waya zote mbili. Nafikiria hivi: siku ya kwanza Mombo hadi Soni, nalala hapo. Ya pili Vuga na Bumbuli, kurudi Soni. Ya tatu napanda Lushoto, naangalia bonde kutoka Irente, nashuka Mombo kuwahi basi. Mtae naiachia safari yake. Amani nitakwenda na familia kwa gari, nisamehewe.

tanga_kwetu
Kwa gari. Haya.

dada_spoki
Mpango mzuri, ila siku ya tatu geuza. Ukitoka Irente mchana ukashuka na haraka ya basi, utaharakisha zile kona. Lala Lushoto, shuka asubuhi mapema. Agosti kuna ukungu, kwa hiyo taa nyekundu nyuma na koti zito, vidole vikifa ganzi breki huzihisi.

fundi_mdogo
Samahani wakuu, nimepita tu. Hiyo baiskeli inapandaje basi kutoka Dar? Mimi yangu ililazwa kwenye buti, juu yake wakaweka magunia mawili. Nimefika Mombo kile kikono cha gia za nyuma kimeingia ndani kama kidole kilichoteguka. Nilipanda hadi Lushoto na gia moja, na nauli ya baiskeli nilikuwa nimelipa.

mkanyagaji_tabata
Pole sana aisee. Nikifungua hicho kikono na magurudumu yote, nikafunga kwenye blanketi, itasalimika?

fundi_mdogo
Itasalimika ukiipeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa buti na kusimama hapo mpaka wafunge. Na simama upande wa gia.