Tovuti ya notisi za Kiswahili S1: nimwachie fundi, au nijifunze WordPress mwenyewe?

Mwalimu_Busia

Wapendwa, salaam kutoka Busia, upande wa Uganda. Nafundisha Kiswahili S1 na S2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2020 somo hili ni la lazima madarasa hayo, na watoto ni wengi kuliko vitabu. Kwa hiyo notisi natunga mwenyewe: maamkizi, ngeli, ufahamu mfupi mfupi kuhusu mambo wanayoyaona kila siku, malori yanayosubiri mpakani, sokoni, shamba la muhogo.

Hadi sasa napiga picha daftari langu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Shuleni simu hairuhusiwi, basi mtoto husoma likizo, kwa simu ya mama, mama akishafunga biashara. Lakini ngeli ya KI-VI niliyoituma Februari, ikifika Mei haionekani tena, imezama chini ya michango ya harusi. Mzazi mpya akiingia hapati chochote cha nyuma. Na bando! Tangu kodi ya asilimia 12 kwenye data ianze Julai 2021 wazazi wanahesabu MB. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikifungua zote hizi, kesho siwezi kumpigia mteja." Facebook nayo ilipofungwa Januari 2021, wengi wa kundi langu waliiacha kabisa.

Kuna kijana hapa mjini amenipa bei ya shilingi 850,000: WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), domeni (anwani ya tovuti) ya .com, hostingi (nafasi ya kuiweka tovuti mtandaoni) ya mwaka mmoja, na mandhari (sura ya tovuti) ya kulipia ambayo atanipa bure. Anasema, "Kila kitu nitakushikia mimi, mwalimu. Wewe nitumie kazi tu, naipandisha." Shule haina fungu, natoa mfukoni. Je, nikubali? Kompyuta naijua ya kuchapa mitihani, basi. Na daftari zangu nikiziskani ziwe PDF, si itakuwa rahisi zaidi?

Dada_Arua

Mwalimu, bei naiweka kando kwanza. Kilichonishtua ni hilo la "nitakushikia mimi". Usikubali.

Nasimamia tovuti ya chama cha wafuga nyuki huku kwetu. Wenzangu walionitangulia walimwachia fundi aandikishe domeni kwa barua pepe yake. Akahamia nje ya nchi, namba yake ikazimwa, mwaka ukaisha, na hakuna aliyeweza kulipia kwa kuwa hakuna aliyeweza kuingia. Anwani iliyochapishwa kwenye lebo ya kila chupa ya asali ikanunuliwa na mtu tusiyemjua. Fundi hakuwa mwizi. Alikuwa na ufunguo peke yake, basi.

Kwa hiyo kabla hujazungumzia rangi na nembo, akaunti ya domeni, akaunti ya hostingi na jina la msimamizi ndani ya WordPress viwe vyako. Fungua wewe, kwa barua pepe yako, ulipe wewe, hata kama yeye amekaa kando yako anakuelekeza. Domeni ya .com ni dola 10 hadi 15 hivi kwa mwaka. Kisha muundie yeye jina lake la kuingilia, na kazi ikiisha ulifute. WordPress yenyewe ni bure, imekuwa bure tangu ilipoanza mwaka 2003. Unachomlipa fundi ni muda wake tu, na muda wa kazi hii si mwingi.

Hiyo mandhari ya kulipia anayotaka kukupa bure, mwulize ameitoa wapi. Nakala za aina hiyo zinazozunguka mitandaoni mara nyingi zimepachikwa msimbo wa siri, na siku moja mtoto anafungua notisi anajikuta kwenye tovuti ya kamari. Zile zinazokuja na WordPress, Twenty Twenty-Four na nyingine za ukoo wake, zinakutosha.

Sasa daftari. Hapa nakusihi mwalimu wangu: chapa maneno. PDF uliyoiskani ni picha zilezile, zimefungwa pamoja tu. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 3. Maneno 500 yakichapwa ni KB 3 au 4. Hata ukijumlisha uzito wa mandhari yenyewe, mama huyo anafungua masomo mengi kwa bando ambalo leo linaishia kwenye kurasa chache za daftari. Tena maneno yanakuzwa kwenye skrini ndogo bila kuvutavuta kushoto na kulia, Google inayaona, na mtoto asiyeona anaweza kusomewa na simu. Picha ya mwandiko wako haimsaidii huyo hata kidogo. Unachapa mitihani tayari, kwa hiyo kazi hii unaiweza.

Na notisi ziweke kwenye Kurasa, usiziweke kwenye Machapisho. Machapisho hupangwa kwa tarehe, jipya linakaa juu, na utarudi kwenye taabu ileile ya WhatsApp. Ukurasa unaweza kuwa chini ya ukurasa mwingine: S1, chini yake Ngeli, chini yake KI-VI. Anwani inaishia s1/ngeli/ki-vi, unaiandika ubaoni siku ya kufunga shule na mtoto anainakili. Ila kwanza, kabla hujaandika somo lolote, ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu (permalinks, yaani anwani za kurasa zinavyoandikwa) uchague jina la chapisho. Na lugha ya tovuti weka Kiswahili, kimo kwenye orodha. Tafsiri haijakamilika, utakuta Kiingereza hapa na pale, lakini kivinjari kitajua kurasa zako ni za lugha gani.

Kijana_Ntinda

Dada amesema vizuri, lakini mimi ningemwambia mwalimu aanze na Blogger leo jioni. Ni huduma ya blogu ya Google, hulipi hostingi, hakuna plagini (programu ndogo za kuongezea tovuti kazi) za kusasisha. Akinunua domeni yake anaiunganisha hapohapo. Nimerekebisha WordPress nyingi za shule zilizovamiwa, na karibu zote kisa ni kimoja: fundi aliondoka, hakuna aliyebonyeza kusasisha.

Dada_Arua

Kaka, la kusasisha nakuunga mkono. Kama mwalimu hana nafasi ya kuingia walau mara moja kwa wiki, Blogger ni salama zaidi kwake. Kinachonizuia ni mpangilio. Blogger haina ukurasa chini ya ukurasa, ina lebo tu, na somo la lugha linajengwa hatua kwa hatua.

Kuna njia ya katikati: WordPress.com, yaani WordPress inayotunzwa na kampuni kwenye kompyuta zake, mpango wa bure. Anwani inakuwa na neno wordpress.com ndani yake, matangazo yanaonyeshwa, na plagini huongezi, lakini kusasisha wanafanya wao. Akikua, anasafirisha kazi yake yote kwa faili moja na kuipakia kwenye hostingi yake. Tovuti ya zamani asiifute mapema: faili hilo hubeba maandishi, picha huvutwa kutoka kule zilipo.

Mwalimu_Busia

Asanteni sana. Nimeongea na kijana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa, tukae pamoja, akaunti zote kwa jina langu, anifundishe, nimlipe shilingi 300,000 kwa kazi na mafunzo. Domeni na hostingi nalipa mwenyewe. Mandhari tumekubaliana ni ya bure. Kusasisha nitafanya kila Ijumaa mchana, maabara ya kompyuta ikiwa tupu.

Mawili yamebaki. Kitabu tunachotumia darasani kina ufahamu mzuri sana. Nikichapa sura mbili tatu kwa ajili ya wasio nacho, kuna ubaya? Na siku ya maigizo nilipiga picha za wanafunzi wakicheza, nataka ziwe ukurasa wa mbele.

Dada_Arua

Sura za kitabu usichape, mwalimu. Kitabu kina mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda. Taja jina la kitabu na ukurasa, kisha tunga maswali yako juu yake. Na ufahamu wako wa malori mpakani, kwangu mimi una thamani kuliko wa kitabu, maana mtoto wa Busia anajiona ndani yake.

Picha za watoto: sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Andika karatasi fupi, wazazi watie sahihi siku ya mkutano, na majina kamili usiyaweke. Kabla ya kuzipandisha, zipunguze ukubwa kwenye kompyuta, upana wa pikseli 1200 unatosha.

Kijana_Ntinda

Na bekapu! Mwambie akuonyeshe kabla hujamlipa salio. Tovuti ina sehemu mbili: kanzidata, ndimo maandishi yalimo, na folda la wp-content lenye picha na mandhari. Wengi hunakili folda peke yake, siku ya ajali wanabaki na picha bila neno hata moja. Chukua zote mbili, weka kwenye flashi, ukae nayo nyumbani.

Mwalimu_Busia

Nimeandika yote. Jumamosi tunaanza, na somo la kwanza kupanda ni maamkizi, S1. Nikikwama nitarudi hapa.

Dada_Arua

Karibu wakati wowote. Ukifika pale inapokuuliza jina la msimamizi, usiandike admin, ndilo la kwanza wavamizi kulijaribu. Na paswadi isiwe ile ya barua pepe yako.