TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari mnacheka, maji yakiingia ndani mnauliza serikali iko wapi!

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, leo naitoa.

Kwenye grupu la mtaa wetu, huku bonde la Msimbazi, Dar, mtu alituma taarifa ya TMA mapema kabisa. Mvua kubwa, rangi ya chungwa. Hiyo ni tahadhari, si angalizo la njano. Majibu? Vicheko. "TMA hao, wakisema mvua we anika nguo." Mwingine akapiga picha jua la saa tisa akatuwekea.

Saa nane usiku maji yalikuwa kwa mama mdogo, yameshapita kitanda. Kalala na wajukuu wawili. Mlango haufunguki, maji yanausukuma kwa nje. Jirani akang'oa nyavu ya dirisha, watoto tukawapokea mmoja mmoja, maji ya kifuani yananuka choo, mtungi wa gesi unaelea unatugonga mbavu. Alfajiri aliyeandika "serikali iko wapi?" ni yule yule wa anika nguo!

Jamani, Jangwani jua linaweza kuwaka huku Pugu na Kisarawe, mto unakotokea, kunanyesha. Mto hauanzii mlangoni kwako. Na utabiri ni uwezekano, mvua ikikosa kunyesha uani kwako haina maana umedanganywa. Mei 2024 mlicheka hivi hivi, eti kimbunga Hidaya kimeogopa Dar. Waulizeni wa Kilwa, barabara ya Lindi ilivyokatwa na maji pale Somanga.

Halafu madereva. Maji yanakimbia juu ya lami, huoni ukingo wa barabara uko wapi, konda anapiga bodi "twende, yanapitika". Na abiria tunanyamaza! Aprili 2024 Arusha gari la shule lilisombwa korongoni, watoto wakafa. Hata mwezi haukupita, nikapanda daladala dereva anataka kufanya yale yale. Nilishuka, nauli nikamwachia, nikaitwa mwoga.

Ofisi ya mtaa nao sijawasamehe. Taarifa walikuwa nayo tangu siku mbili nyuma. Spika ya kutangazia michango wanayo, ila usiku ule haikusikika. Hakuna aliyepita kuwaambia wazee wasio na simu janja wasogee juu kwa ndugu zao. Desemba 2011 makumi ya watu walikufa Dar hii hii kwa mafuriko, baadhi ya waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Walioko ofisini leo walikuwepo, wanakumbuka vizuri tu.

Mama mdogo yuko kwangu. Godoro lina siku ya nne limeegeshwa ukutani, ukilibonyeza bado linatoa maji ya tope. Jana TMA wametoa tahadhari nyingine, nimeituma grupuni, na mtu ameweka kicheko tena. Admini wa grupu najua unasoma huku: mtoe mtu huyo leo.