Masalia ya uzi: kofia za milia

Kutoka Tampere

Salaam wanajumuiya,

Huu ni mwaka wangu wa tatu Ufini. Tangu nijifunze kufuma soksi za watoto, nina mfuko wa rambo uliojaa masalia ya uzi, mengine saizi ya limau, mengine saizi ya ngumi. Kutupa siwezi, nimeyanunua kwa hela. Nataka kuwafumia wanangu kofia za milia kabla theluji haijaanguka. Nimejaribu moja, na kila rangi mpya inapoanza naona kama ngazi, milia haikutani. Halafu, je, naruhusiwa kuchanganya uzi wowote na wowote?

Kutoka Oulu

Mdogo wangu, pole na hongera. Naanza na swali lako la pili, maana ndilo lililonitoa machozi.

Kabla hujapanga rangi, tenga nyuzi kwa asili yake. Kofia ya kwanza niliyomfumia mwanangu ilikuwa na milia ya bluu ya sufu tupu na ya njano ya akriliki, uzi wa kiwandani usiotokana na kondoo. Ilipendeza mno. Siku moja ikaingia kwenye mashine na mataulo, nyuzijoto 60. Bluu ikajikaza ikawa ngumu kama zulia, njano ikabaki vilevile, imetuna katikati kama andazi. Haikuingia tena kichwani, na mtoto alikuwa anaipenda. Sufu ina magamba madogo sana. Yakikutana na maji ya moto na msukosuko yanang'ang'aniana na hayaachiani tena.

Kama karatasi ya uzi inayotaja asili yake imeshapotea, kata kipande cha sentimita tano, kishike kwa kibano juu ya sinki, ukiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapondeka kwa kidole. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Kama masalia yako mengi ni ya 7 Veljestä, ule uzi wa soksi wa Kifini, kama ya wengi wetu huku, hiyo ni sufu asilimia 75 na poliamidi (nailoni) 25, na inakaa vizuri na wenzake wa aina hiyo. Moto hautakuambia kama sufu imetengenezwa kuvumilia mashine, kwa hiyo ukiwa na shaka osha kofia kwa mkono, maji ya vuguvugu, bila kusugua.

Unene nao upime. Kunja uzi mmoja, pitisha mwingine ndani yake kama pete mbili za mnyororo, sokota, kisha telezesha vidole pale zinaposhikana. Ukihisi kituta, hazilingani. Ule mwembamba shika nyuzi mbili pamoja.

Sasa ngazi. Ukifuma kwa mzunguko huwa unapanda kama skrubu, ndiyo maana mwanzo na mwisho wa mlia havikutani. Mzunguko wa kwanza wa rangi mpya fuma kawaida. Ukirudi mwanzo, ingiza ncha ya sindano ya kulia kwenye kitanzi cha rangi ya zamani kilicho chini ya kitanzi cha kwanza, kinyanyue ukiweke kwenye sindano ya kushoto, kisha fuma hivyo viwili pamoja kama kimoja. Fanya hivyo mara moja tu kila unapobadilisha rangi.

Milia ya mizunguko miwili au minne, usikate uzi. Upandishe kwa ndani, ila usiuvute, utakunja kofia.

Mimi hutumia sindano ya mviringo ya milimita 4, vitanzi 100 kwa kichwa cha sentimita 56, maana mkono wangu unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10 na kofia inapaswa kubana kidogo. Kila mzunguko nautengea mita mbili za uzi. Limau lako lipime kwa hesabu hiyo kabla hujaanza mlia, usije ukaishiwa katikati.

Kutoka Edmonton

Shikamoo dada wa Oulu. Naongeza jambo moja. Nyekundu na bluu iliyokolea huweza kutoa rangi. Kabla ya kuziweka jirani na nyeupe, lowesha kipande, kibane ndani ya karatasi nyeupe ya jikoni usiku kucha. Na huku Kanada upepo wa Januari unapita katikati ya vitanzi. Mimi nashonea kitambaa cha flisi kwa ndani, kwenye masikio tu, ili kofia iendelee kunyumbuka.

Kutoka Tampere

Marahaba ya dada mkubwa mtasubiri wenyewe, mimi nawaambia asanteni sana. Nimechoma vipande kumi na viwili, nyumba nzima ikanuka saluni. Vinne vilikuwa akriliki, nimevitenga vya mdoli. Kofia ya kwanza imeisha jana usiku, ngazi haionekani hata nikitafuta kwa kidole. Limau la kijani lilitosha mizunguko mitatu, nikalimalizia utosini.